Godoro la lateksi la kupanga mwenyewe: miaka miwili na nusu ya kulilalia

Ninahudumia wazee hapa Columbus, Ohio, zamu ya usiku. Ni kazi ya mgongo: kumgeuza mtu kitandani, kumwinua, kumshusha kwenye kiti cha magurudumu, halafu chumba kinachofuata, mpaka asubuhi. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu na akirudi nyumbani hukaa siku tatu, nne. Yeye ana kilo 104, mimi 62. Godoro letu la kwanza hapa lilikuwa la sponji ile inayonywea taratibu na kushika umbo la mwili. Mwaka wa tatu upande wake ukawa bonde, na kila akiwepo mimi naserereka humo humo. Naamka saa tisa alasiri kiuno kimekaza, na usiku kuna mzee wa kilo 90 ananisubiri nimwinue.

Februari 2023 tukaagiza mtandaoni godoro la lateksi, lile la matabaka unayoyachagua mmoja mmoja na kuyapanga ndani ya kava lenye zipu. Jina la duka naliacha. Maduka ya namna hii yapo kadhaa, na mambo ya kuwabana nayo ni yale yale.

Lateksi yenyewe nilikuwa naijua kabla sijajua kama inalaliwa. Nimekulia Muheza, na upande ule kuna shamba la mpira la Kihuhwi. Wagemaji huanza alfajiri, kungali na ubaridi, kwa sababu hapo ndipo mti unapotoa vizuri. Wanachanja gome kwa mshazari, utomvu mweupe kama tui unateremka hadi kwenye kikombe kilichofungwa kwenye shina. Utomvu unaobaki kwenye mkato hukauka ukawa utepe. Sisi watoto tulikuwa tunauvuta, tunauzungusha, tunauzungusha, mpaka unakuwa mpira wa kuchezea, na mpira huo ulidunda msimu mzima bila kupasuka. Kwa hiyo niliposoma kwamba kuna godoro la utomvu huo huo, sikuhitaji kushawishiwa kuhusu uimara. Nilichotaka kujua ni kama kweli ndani yake kuna utomvu wa mti.

Na hapo ndipo pa kuwa macho. Niliyaandikia maduka matatu maswali yale yale. La kwanza liliandika "lateksi" kwa herufi kubwa juu ya picha, kumbe lateksi ni inchi 2 tu za juu, na chini yake inchi 6 za sponji ya kawaida. Sponji hiyo ya chini ndiyo itakayobonyea kwanza, hata kama mpira wa juu ungeishi miaka 20. La pili lilisema ni asilia, nikauliza asilimia ngapi ya mpira wenyewe inatoka mtini na ngapi inatoka kiwandani, maana kuna mpira unaotengenezwa kwa mafuta ya petroli na huchanganywa na ule wa mti. Walijibu kuhusu pamba ya kava. Nikauliza tena, wakajibu kuhusu pamba ya kava. Hao nikawaacha. La tatu lilijibu tabaka kwa tabaka, unene, namba ya ugumu, na likatuma cheti.

Kuhusu vyeti, visiwachanganye. Cheti cha GOLS kinataka zaidi ya asilimia 95 ya mpira uliomo uwe wa kilimo hai, kwa hiyo kinakuambia kitu kuhusu mti. Cha OEKO-TEX kinapima kama bidhaa ina kemikali za kudhuru, ni kizuri kuwa nacho, lakini mpira wa kiwandani nao unaweza kukipata. Mtu akikuonyesha hicho cha pili ulipouliza habari ya mti, hajakujibu.

Utakutana pia na majina mawili, Dunlop na Talalay. Ni njia mbili za kuutengeneza. Ya Dunlop, ambao ndio hao hao wa matairi, ilianza Uingereza mwaka 1929: utomvu unapigwa mpaka unaumuka kama mayai ya keki, unamiminwa kwenye umbo, unaivishwa kwa mvuke. Vile vizito vinatuama, ndiyo maana upande wa chini huwa mgumu kidogo kuliko wa juu. Ya Talalay, umbo linafungwa, hewa inavutwa ili povu lijae kote, linagandishwa kwa baridi kali, ndipo linaivishwa. Hutoka laini zaidi, limejaa hewa, na bei yake iko juu. Mimi nilichukua Dunlop kila tabaka. Lina uzito, limeshikamana, na kwa mtu wa kilo 104 nilitaka kitu kilichoshikamana.

Ugumu wanauandika kwa namba inayoitwa ILD: pauni ngapi zinatakiwa kukibonyeza kipande kwa robo ya unene wake. Karibu na 20 ni laini, karibu na 28 ni wastani, 35 na kuendelea ni gumu. Namba hizo zisaidie kulinganisha matabaka ya duka moja tu. Ya duka hili na lile, au ya Dunlop na Talalay, hayalingani mwilini hata kama namba ni moja.

Sasa, Waswahili tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtandaoni hulalii kitu. Unaangalia picha ya mwanamke anayetabasamu na mto. Ndiyo sababu nasisitiza hili la zipu kuliko jambo lingine lolote. Godoro lililogundishwa na kushonwa, ukikosea umekosea lote. Lenye matabaka, ukikosea unabadilisha kipande. Tulichukua matabaka matatu ya inchi 3. La chini gumu, zima. La kati na la juu yamekatwa katikati ili kila mtu apate upande wake: kwake gumu na juu yake wastani, kwangu wastani na juu yake laini. Yote pamoja na kava, dola 1,745, baada ya punguzo la sikukuu ya Marais. Ni pesa. Ni zamu nyingi. Mume wangu alinyamaza kwenye simu kidogo, kisha akasema, "Mama, kama kitakutoa huko bondeni, nunua."

Yalikuja maboksi manne, naye yuko barabarani Nebraska. Lateksi ni nzito kuliko unavyodhani. Tabaka moja zima la inchi 3 la kitanda chetu ni karibu kilo 19, na tatizo si uzito peke yake, ni ulegevu. Halina pa kushika. Ukiinua kona hii, ile inateleza. Mimi na mwanangu wa miaka 15 tulilipandisha ghorofa ya pili huku tukipumzika kila ngazi ya nne. Ukilikunjua kutoka kwenye plastiki unaona uso wake umejaa vitundu vilivyopangwa safu kwa safu, kama chujio la nazi. Hivyo vinatokana na pini za kwenye umbo, zinazopeleka joto katikati ili mpira uive sawasawa. Nilibonyeza kwa kiganja kwa nguvu zote nikakiondoa ghafla, na alama haikuonekana; ilijaa kabla mkono haujatoka. Lilikuwa na harufu ya mpira yenye utamutamu, ambayo siku ya sita sikuisikia tena. Ninayeikumbuka harufu ya mpira mbichi unaokaushwa, hii naweza kuiita manukato.

Nilipozifungua pande zangu mbili nikagundua kasoro. Lebo zote zilisema wastani. Laini haikuja. Hapa duka lilinivunja moyo. Barua pepe ya kwanza ilikaa siku nne bila jibu, ya pili wakaniambia nipige picha ya lebo, ya tatu wakataka namba ya oda ambayo ilikuwa imeandikwa kwenye zile mbili za mwanzo. Siku 12 nililala kwenye wastani juu ya wastani, bega linawaka moto, maana mimi hulala ubavu. Hatimaye walituma kipande sahihi bila malipo na kuniambia kile cha ziada nikae nacho. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi: wakikosea wao, inachukua siku ngapi? Nikikosea mimi, kubadilisha kipande ni bei gani, na nauli ya kukirudisha ni ya nani? Neno "siku 100 za kujaribu" huwa limeandikwa makubwa, na nauli imeandikwa chini huko kwa maandishi ya sisimizi.

Kile kipande cha ziada kilinifundisha jambo. Nilikisimamisha karibu na dirisha la sebuleni linalopigwa na jua la alasiri, nikasahau mpaka kiangazi kikaisha. Upande ulioelekea kioo uligeuka njano kama samli, na nilipousugua kwa kidole ukamomonyoka kama mkate uliolala siku tatu. Upande wa ukutani ulikuwa mzima kabisa. Jua linaua lateksi. Nyumbani bibi alikuwa na godoro la sufi, na kila baada ya muda lazima litolewe uani lianikwe, fundi aje kulichambua maana limejaa mabonge. Tumelelewa kuanika godoro. Hili usilianike. Kava likae limefungwa, na ukilitoa kulisafisha, funika matabaka kwa shuka.

Kava letu ni la pamba, na ndani limetandikwa sufu, yaani manyoya ya kondoo, si ile sufi ya bibi. Tangu 2007 sheria ya Marekani inalitaka kila godoro jipya lihimili moto wa wazi kwa muda maalumu, na kampuni zinazokwepa dawa za kuzuia moto hutumia sufu, kwa kuwa haishiki moto upesi. Inafanya kazi nzuri pia ya kunyonya jasho; mimi ninayelala mchana wa Julai nashukuru. Ubaya wake ni kwamba huwezi kulitia kwenye mashine ya kufulia, litasinyaa. Nunua shuka la kuzuia maji siku ile ile, hasa kama una mtoto anayehamia kitandani kwenu.

Angalia na chaga. Za kitanda chetu zilikuwa zimeachana inchi 5, na lateksi ilianza kuchungulia chini katikati yake. Inatakiwa nafasi isizidi inchi 3 hivi. Tuliongeza mbao saba za msonobari, kazi ya saa moja. Usitandike ubao mzima, mpira unahitaji hewa chini la sivyo unyevu utaleta ukungu.

Usiku wa kwanza na kipande laini bega lilipoa, ila nyonga ikawa inazama. Asubuhi nikafungua zipu, nikaweka wastani juu na laini chini yake. Dakika 20, jasho jingi, na ndivyo ninavyolala hadi leo. Hakuna duka ambalo lingenikisia mpangilio huo. Mume wangu hakugusa upande wake, alilala saa tisa mfululizo aliporudi. Mstari wa katikati, pale pande zinapokutana, unausikia ukilala hapo hapo. Mtoto wetu mdogo huulalamikia. Wenye miili inayolingana wasikate tabaka la juu, wakate la kati tu.

Ndugu wa Tanga na Dar wameniuliza kama nawatumia la hivi kwenye kontena. Jibu langu ni hapana. Linasafiri limeviringishwa na kubanwa, na halipendi kubaki hivyo miezi kwenye joto la bandari. Halafu vipimo: saizi ya hapa iitwayo queen ni futi 5 kwa futi 6 na inchi 8, kwa hiyo kwenye kitanda cha tano kwa sita litaning'inia miguuni. Na mwenye mzio wa mpira, wa glavu au wa puto, amuone daktari kwanza, hata kama duka litamwambia mpira umeoshwa.

Waranti yetu ni ya miaka 20, na 10 ya mwisho unalipia sehemu. Inaanza kufanya kazi bonde likifika inchi moja bila mtu kulalia. Upimaji ni rahisi: unavuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo, unasimamisha rula chini yake. Nimefanya hivyo wiki iliyopita. Upande wangu uzi unagusa kitambaa mwanzo hadi mwisho. Upande wake, pale nyonga inapokaa, kuna robo inchi. Nimeandika tarehe na vipimo nyuma ya risiti, na risiti iko kwenye droo ya jikoni pamoja na vyeti.