Shokapu za nyuma kwa njia mbovu: ipi ununue kwanza

Muuzaji wa spea atakuuliza pikipiki yako ni aina gani. Ni nadra akuulize una kilo ngapi na unabeba nini, na hapo ndipo hela za watu wengi zinapopotelea. Springi za nyuma za Boxer au TVS HLX hupangwa kiwandani kwa mtumiaji wa wastani. Wewe si wa wastani. Anayepanda milima ya Lushoto masika akiwa peke yake na kilo 60, na anayeshuka Makete na gunia la viazi nyuma, hawawezi kufaana shokapu.

Kwa hiyo kabla ya kununua, pima. Inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, kisha pima kwa futi kutoka katikati ya ekseli hadi alama moja kwenye fremu iliyo juu yake. Ishushe, kaa juu ukiwa na mzigo wako wa kila siku, mwenzako apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo iwe karibu theluthi ya mwendo wote wa gurudumu, yaani umbali linaoweza kupanda na kushuka. Ikiwa gurudumu lina mwendo wa milimita 100, pikipiki izame kama 30. Pikipiki ya motokrosi, yaani ya mashindano ya njia za udongo, yenye mwendo wa milimita 300 huzama karibu 100.

Ikizama zaidi ya hapo, pandisha ngazi kwenye ringi ya springi, ile yenye vidato inayoikandamiza springi. Ila elewa kwamba ngazi haziongezi ugumu wa springi, zinainua pikipiki tu. Ukifika ngazi ya mwisho na bado inazama, springi ni laini mno kwako. Ikikaa juu bila kuzama hata kwenye ngazi ya kwanza, ni ngumu mno, na hili la pili ndilo watu hulipuuza. Wengi huamini kwamba njia mbovu inataka shokapu ngumu. Kwenye mawe na mizizi shokapu ngumu hulirusha gurudumu hewani, na gurudumu lililo hewani halisukumi wala halifungi breki.

Halafu kandamiza kiti kwa nguvu uachie. Kikipanda mara moja na kutulia, oili ya ndani, inayozuia springi isidunde, bado inafanya kazi. Kikidundadunda, shokapu imekufa hata kama kwa nje inang'aa. Angalia pia ile fimbo inayoingia na kutoka kwenye shokapu: vumbi lililogandamana na oili karibu na sili ni dalili ya uvujaji.

Sasa mpangilio wangu, kwa mtu anayeacha lami kila siku.

1. Jozi ya shokapu za gesi zenye springi inayolingana na uzito wako

Kwa pikipiki ya shokapu mbili, hapa ndipo hela inapofanya kazi kubwa zaidi. Hagon ya Uingereza hutengeneza kwa kufuata uzito wa mwendeshaji. YSS ya Thailand ina aina nyingi za bei ya kati. Tafuta yenye kitasa cha kurekebisha kasi ya springi kurudi juu. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, springi ikirudi polepole mno shokapu inazidi kushuka kila tuta, hadi inakosa nafasi ya kufanya kazi. Ikirudi haraka mno, kiti kinakupiga. Anza katikati, geuza hatua moja moja, rudia kipande kilekile cha njia.

Gesi ina sababu yake. Shokapu ikifanya kazi mfululizo, oili inayopita kwenye matundu madogo hupata joto na kuwa nyepesi, na ikichanganyika na hewa hutoa povu. Povu halizuii kitu. Naitrojeni yenye mgandamizo hupunguza povu hilo.

2. Springi peke yake

Hii ni kwa pikipiki zenye shokapu moja katikati, kama Honda XR150L. Pikipiki za porini zilielekea huko baada ya Håkan Andersson kuipa Yamaha ubingwa wa dunia wa motokrosi wa cc 250 mwaka 1973 kwa shokapu moja, iliyoruhusu gurudumu kusafiri mbali zaidi. Kama haivuji na haidundi, badilisha springi tu. Kazi hiyo afanye fundi mwenye kifaa cha kubania springi. Ikifyatuka inaweza kuumiza vibaya.

3. Jozi mpya ya kiwandani

Kwa bodaboda wa mzigo, hili ni chaguo la heshima kabisa. Nunua kwa wakala, na badilisha zote mbili kwa pamoja.

4. Shokapu zenye kikopo cha pembeni cha oili na gesi

Öhlins ya Sweden au Wilbers ya Ujerumani ni kazi ya kiwango cha juu, nazo hufunguliwa na kufanyiwa matengenezo badala ya kutupwa. Lakini kwenye pikipiki yenye mwendo mfupi wa gurudumu, sehemu kubwa ya uwezo huo italala bure. Jihadhari na za bei ya kutupa: nyingine kile kikopo ni pambo tu, hakijaunganishwa na kitu.

5. Kuongeza shokapu ya pili kila upande, au kufunga ndefu zaidi

Siipendekezi. Kuchomelea vishikio hudhoofisha mkono unaobeba gurudumu, na uzito unaozidi unahamia kwenye fremu na rimu. Shokapu ndefu nayo huinua nyuma, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, cheni inasugua, na stendi inailaza pikipiki mno.

Dukani, nenda na shokapu yako ya zamani. Linganisha urefu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, upana wa bushi, na unene wa bolti. Tofauti ya milimita mbili kwenye bolti itafanya shokapu mpya igonge tangu siku ya kwanza.

Ukishafunga, pima ulegevu wa cheni mtu akiwa amekaa juu, maana urefu wa nyuma umebadilika. Na baada ya safari ya kwanza ya vumbi, rudia kukaza nati zote nne.