Mihadhara ya Marian Diamond kwenye flash, shilingi 5,000

Naanza na duka. Ni steshenari ya jirani na chuo kimoja cha afya hapa Tanga, pale tunapotolea fotokopi. Kijana aliniwekea kwenye flash ya GB 16 mihadhara ya anatomia ya Profesa Marian Diamond wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyorekodiwa mwaka 2005. "Dada, hii hata madaktari wanachukua." Kufika nyumbani, mafaili mawili hayafunguki, na la tatu linakatika profesa akiwa katikati ya sentensi, chaki bado iko hewani. Niliporudi kulalamika akaniambia flash yangu ina virusi. Huduma ya duka naipa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya feni.

Profesa mwenyewe ni habari nyingine kabisa. Mimi ni mfiziotherapia, wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi, kwa hiyo nilikuwa nautaka ubongo tu. Nikuonye mapema: hili ni somo la mwili mzima. Utapita kwenye mifupa, misuli na damu, na ubongo unasubiri zamu yake. Hakuna slaidi za kukimbizana. Anachora ubaoni kwa chaki za rangi, taratibu, nawe unachora naye. Mimi nimeshajaza nusu ya kaunta buku. Alikuwa na miaka 78, nywele amezifunga juu, suti imenyooka, na sauti yake ni ya mwalimu ambaye hajawahi kuhitaji kugonga meza. Huyu ndiye aliyejulikana kwa kuingia darasani na boksi la kofia lenye maua, akalifungua, akatoa ubongo halisi wa binadamu.

Ukimtazama alivyo mpole unaweza kusahau ubishi alioupitia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wengi waliamini ubongo wa mtu mzima ukishakomaa haubadiliki tena. Yeye alikuwa mwanaanatomia katika kundi la watafiti wenzake wa Berkeley, akina Rosenzweig, Krech na Bennett. Walichukua panya wa maabara: 12 wakawekwa pamoja kwenye kizimba kikubwa chenye vikorokoro vya kuchezea, vinavyobadilishwa kila mara, wengine wakawekwa mmojammoja kwenye kizimba kidogo kitupu. Siku 80. Kisha Diamond akakata bongo zao vipande vyembamba na kukaa na darubini akipima unene wa gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, tofauti ambayo kwa macho huwezi kuiona kabisa. Gamba la wale wa vikorokoro lilikuwa nene zaidi. Matokeo yakachapishwa mwaka 1964, na alipoyasoma mbele ya wanaanatomia wenzake, mwanamume mmoja alisimama akamwambia kwa sauti kuwa ubongo ule hauwezi kubadilika.

Watu wengi wanaomtaja huishia kwa wale panya 12, halafu wanakuuzia midoli ya "kukuza akili". Mimi aliyenikamata ni yule wa kizimba kitupu. Diamond alieleza kwamba kwa panya wachanga, upweke na uchovu wa kukaa bure ulilipunguza gamba la ubongo kwa nguvu kuliko michezo ilivyoliongeza. Panya si binadamu, najua, na sitamwahidi mgonjwa milimita yoyote. Lakini kuna mzee mmoja ambaye familia ilimweka chumba cha uani, kitanda kimeelekezwa ukutani, "apumzike". Niliomba wamhamishie sebuleni, karibu na dirisha la barazani wanakochezea bao. Mkono wa kulia bado mzito. Ila sasa akisikia mtu kacheza vibaya anafoka, na wajukuu wanamletea kete azishike.

Ule utafiti wa ubongo wa Einstein, vipande vinne alivyopokea mwaka 1984 kwenye chupa ya mayonezi, ndio unaompa umaarufu mtaani, na kwangu ndio dhaifu kuliko kazi zake zote. Aliona seli za glia, zile zinazozihudumia seli za neva, ni nyingi zaidi kwa kila seli ya neva katika eneo moja la upande wa kushoto, akilinganisha na wanaume 11. Einstein lakini ni mmoja tu! Bora alivyoendelea na panya wazee hadi wa siku 904, umri ambao kwa panya ni ukongwe wa kushikwa mkono, akaonyesha kwamba hata hao gamba lao bado linaongezeka.

Alifariki mwaka 2017, ana miaka 90. Nyota tano. Kama una bando la kutosha, tafuta mwenyewe mtandaoni, na ukiwa huna, nenda steshenari ukafungue kila faili hapohapo kaunta kabla hujatoa hela.

Flash yangu nimeipeleka kwa fundi mwingine. Haina virusi.