Priampu za Mtumba Arusha: Soma Mgongo Kabla ya Jina

Jumamosi moja nilisimama kwenye kibanda jirani na soko la Kilombero nimeshika priampu nyeusi ya Kijapani kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Haikuwa na hata mkwaruzo. "Mkuu, hiyo chuma ya Mjapani, weka laki nne tumalize," akasema muuzaji. Nikaigeuza. Chini ya soketi kuna kibandiko: 100V. Nikamuuliza aliijaribu vipi. "Niliichomeka hapo ukutani, ikaimba kidogo ikanyamaza. Itakuwa fyuzi tu hiyo." Nikairudisha mezani taratibu.

Ukuta wetu una volti 230. Fyuzi ikifa peke yake umshukuru Mungu.

Kwa ambaye hajaizoea, priampu ndiyo inayopokea sauti kutoka deki, simu au gramafoni, unachagua unachotaka kusikiliza, unapandisha na kushusha, halafu inaipeleka kwenye pawa ambayo ndiyo yenye kazi ya kusukuma spika. Deki ya CD hutoa volti 2 hivi, na pawa nyingi zinashiba kwa volti 1, kwa hiyo mwenye CD tu anailipa priampu kazi ya kupunguza sauti. Mwenye santuri ni habari nyingine. Sindano ya kawaida ya gramafoni, ile iitwayo MM, hutoa kama milivolti 5, lazima ikuzwe na kusawazishwa kwanza. Kama huna gramafoni wala huna mpango nayo, usikubali kuongezewa bei kwa sababu ya "phono", yaani sehemu ya kuchomekea gramafoni.

Orodha yangu ya priampu za mtumba haifuati utamu wa sauti peke yake. Naiuliza kila moja swali hilihili: ikizima usiku huu, nani hapa mjini ataiwasha tena?

Nafasi ya kwanza naipa Quad ya Uingereza, yaani 44 ya mwaka 1979 na mdogo wake 34 ya 1982. Zilizouzwa kwao zilitengenezewa umeme unaolingana na wetu, hata plagi yao ya pini tatu ndiyo hii yetu. Ndani zimepangwa kwa adabu. Ile 44 kadi zake za kuingizia sauti zinachomoka moja moja, na fundi redio mwenye mkono mtulivu anajua aanzie wapi. Zina kitufe ambacho sijakiona kikifanya kazi vizuri hivyo kwingine: kinainamisha sauti nzima, besi ikipanda kidogo ukali unashuka kidogo. Kwa sebule zetu za vigae na kuta za saruji, ambako matoazi yanarukaruka kama mahindi kwenye sufuria, hicho kitufe ni dawa. Kasoro zipo. Matoleo ya mwanzo yana soketi za DIN, zile za duara zenye pini kadhaa, utahitaji waya wa kuunganishwa kwa mkono. Tena zinatoa nusu volti tu, maana zilikusudiwa pawa za Quad wenyewe kama 405. Ukizifunga na pawa ya kampuni nyingine, utazungusha volyumu kupita nusu na majirani bado hawajasikia kitu. Haijaharibika, ndivyo ilivyo.

Ya pili ni Naim, pia ya Uingereza, ila kwa sharti moja. NAC 42, 62 na 72 hazina transfoma ndani. Umeme wake, volti 24, unatoka kwenye baadhi ya pawa za Naim au kwenye kisanduku chake kinachoitwa Hi-Cap. Ukiikuta inauzwa peke yake kwa bei ya kutupa, na muuzaji anaapa kwamba "ilikuwa inapiga", huenda anasema kweli kabisa. Nunua seti nzima au uiache hapo hapo.

Ya tatu, Wajapani: Accuphase, Luxman, Yamaha za daraja la juu. Kwa uundaji hakuna wa kuwasuta, na kama kibandiko kingesoma 230V ningewaweka juu ya Naim bila kujiuliza. Tatizo ni hizo volti 100. Watu husema "weka stepdauni", yaani transfoma ya kushusha volti, lakini nyingi za madukani ni za kushusha 230 iwe 110. Siku umeme umepanda ukafika 240, stepdauni hiyo inatoa karibu 115, yaani asilimia 15 zaidi ya kile mashine inachokitaka. Itaimba, ila kila siku inapikwa kidogo. Njia bora ni kwenda kwa fundi anayesuka mota akusukie transfoma ndogo ya 230 kwenda 100. Priampu haili umeme mwingi, transfoma ya wati 100 inatosha na kubaki, usiuziwe lile dude la wati 1000. Heri moja wanayo Wajapani: nusu ya nchi yao inatumia umeme wa hezi 50 kama wetu na nusu 60, kwa hiyo vyombo vyao vimezoea zote mbili. Vya Marekani vilivyoandikwa 120V 60Hz tu, hata ukishusha volti sawasawa, transfoma inaweza kuvuma na kupata joto.

Hapo ndipo wanapokwama Audio Research na Conrad-Johnson, ambazo ni za valvu, yaani zile taa za kioo za kukuza sauti, na ni za Marekani. Sauti zake, jamani, hasa dansi la zamani, mwimbaji anakaa nawe kwenye kochi. Lakini valvu huchoka na ni za kuagiza, na ndani mnatembea volti 200 hadi 300 zinazobaki kwenye kapasita, vile vikopo vya kutunza chaji, hata plagi ikishachomolewa. Usimruhusu chalii yeyote aingize bisibisi humo kwa majaribio. Ya nne.

Mkiani naiweka Mark Levinson ML-1, watu wanune wanavyotaka. Kadi zake zimezamishwa kwenye gundi ngumu. Ikifa kadi moja, fundi wako anatazama tofali.

Unapokwenda kukagua, beba simu yenye muziki unaoujua, waya wa RCA (ule wa pini moja moja, kulia na kushoto), tochi na mita ya umeme. Iache iwake dakika 40. Nyingi husema ukweli zikishapata joto. Jaribu kila soketi, kulia na kushoto, na volyumu ikiwa chini sana usikie kama pande mbili zinalingana. Bila muziki kupiga, weka mita kwenye DC (umeme wa aina ya betri), mguso mmoja pini ya katikati ya soketi ya kutolea, mwingine kwenye ganda. Milivolti chache si neno. Ukiona volti nzima funga safari, hiyo itakuchomea spika. Omba mfuniko ufunguliwe utazame kapasita zilizovimba kichwa. Skrubu zilizotafunwa maana yake umetanguliwa na mafundi, na namba ya mashine ikiwa imefutwa, ondoka bila kubishana. Risiti ya mkono yenye jina la muuzaji uipate vyovyote iwavyo.

Yangu ni Quad 34, niliitoa Njiro kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Waya wa DIN nilitengenezewa Moshi na mzee mmoja wa redio, alinusa risasi ya kulehemu kwanza kabla ya kuigusisha kwenye pini.

Volyumu ikikwaruza unapoizungusha, mara nyingi ni vumbi letu hili tu, dawa ya kusafishia kontakti inaliondoa kwa dakika tano. Ila ukiwa dukani kunja uso, zungusha tena pole pole muuzaji asikie vizuri, ndipo muongee bei.