Onyesho la mwisho kabla hujahama Arusha au Moshi: lipi ulilipie?

Barua ya uhamisho ikitoka, au viza ikishagongwa, watu hukimbilia yaleyale: nyama choma ya mwisho, picha na Mlima Meru mgongoni, kuaga mashangazi wote. Mwongozo huu ni wa anayetaka pia kukaa mara moja mbele ya jukwaa, awaone watu wa hapa wakiigiza mbele ya watu wa hapa, kabla Fuso halijaja kubeba makabati. Nimeanza na lile ambalo mimi ningelitolea hela kwanza, nikamalizia na yale ambayo ningewaachia wageni.

Vigezo vyangu ni viwili, na cha kwanza ndicho kikali. Je, tarehe itabaki palepale? Mkazi akiambiwa onyesho limesogezwa hadi Jumamosi ijayo, ataguna tu na kurudi nyumbani. Wewe Jumamosi ijayo uko Dodoma unazunguka na dalali. Ndiyo maana onyesho la kawaida lenye tarehe isiyohama nimeliweka juu ya onyesho kubwa la promota ambaye bado anamsubiri mdhamini. Cha pili: huko uendako utalikuta? Sinema za mjini hazimo kwenye orodha hii kwa sababu hiyo, maana filamu ileile utaiona Dar ukiwa na bisi zilezile.

1. Tamthiliya ya kidato cha nne, ndani ya ukumbi wa shule

Najua wapo watakaocheka. Lakini kama unataka tamthiliya ya Kiswahili kamili, yenye mwanzo na mwisho, ikichezwa na watu wenye miili na jasho, hapa ndipo pa kuipata kwa urahisi. Kuna vikundi vya waigizaji vinavyozunguka sekondari vikicheza tamthiliya zilizoko kwenye mtaala, ili wanafunzi waone kwa macho kile walichokuwa wakikikariri. Msimu wao mzuri ni muhula wa pili, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Wanafunzi huchangishwa kiasi kidogo, meza za bwalo zinasukumwa ukutani, kitenge kinatundikwa kwenye kamba, na hilo ndilo pazia.

Utamu wake uko kwa hadhira. Bwalo zima limesoma kitabu. Wapo wanaofuatilia kikiwa wazi mapajani, kidole kikitembea chini ya maneno, na mwigizaji akiruka mstari benchi la nyuma linamkumbusha kwa sauti. Mhusika wanayemchukia anazomewa kabla hajafungua mdomo. Mwigizaji mzuri analijua hilo. Anasimama, anawakodolea macho, anasubiri watulie, kisha anasema mstari wake taratibu ili wamchukie vizuri zaidi. Maelewano ya namna hiyo kati ya jukwaa na viti huyapati kwenye kumbi ambamo watu wamekuja kupiga picha na vinywaji.

Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua Ngoswe ya Edwin Semzaba. Karani wa sensa ananogewa na binti wa mwenyeji wake mpaka karatasi za serikali zinaishia motoni. Darasani imekuwa kitabu cha kujibia maswali ya dhamira na maudhui, lakini jukwaani inarudi kuwa kichekesho.

Tatizo ni mlango. Haya si maonyesho ya kukata tiketi. Pitia kwa mwalimu wa Kiswahili unayemfahamu, au shule anayosoma mdogo wako, uliza kikundi kinakuja lini, kisha mwone mkuu wa shule. Jitambulishe, saini kitabu cha wageni, lipa wanacholipa wanafunzi na uongeze kidogo kwa ajili ya kikundi. Usiwarekodi watoto bila ruhusa. Na usikae mbele: viti vya mbele ni vya walimu, na mwalimu wa zamu hapendi kumwona mgeni amemziba mkuu wake. Kwa kawaida maiki hakuna, kwa hiyo kaa ubavuni karibu na jukwaa.

2. Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu, na igizo la Krismasi

Kwa kigezo cha tarehe, hakuna kinachoishinda Ijumaa Kuu. Haisubiri mdhamini. Ubaya wake ni kwamba huangukia kati ya 20 Machi na 23 Aprili, basi kama unaondoka Agosti, ruka kipengele hiki. Ubaya wa pili ni masika. Njoo na mwavuli, na viatu usivyovionea huruma.

Parokia nyingi za Kikatoliki huigiza safari ya vituo 14: Pilato, Simoni wa Kirene, wanawake wanaolia, na vijana wa parokia wakiwa askari wa Kirumi. Tazama maleba kwa karibu. Joho jekundu lilikuwa pazia la mtu. Kofia ya chuma ni boksi lililokatwa na kupakwa rangi ya fedha, na mvua ikianza askari mmoja huificha chini ya joho ili isilowe, akabaki askari wa Kirumi aliyenyoa denge. Hakuna anayecheka, kwa sababu wakati huohuo kijana aliyebeba msalaba anapumua kwa shida kweli. Ule msalaba ni mti, na hauna wepesi wa kuigiza.

Hapa Moshi inaizidi Arusha. Mjini kuna Kanisa Kuu la Kristo Mfalme, lakini ningekushauri upande mlimani, kwenye parokia kongwe kama Kilema na Kibosho zilizoanzishwa katika miaka ya 1890. Utakakohamia Njia ya Msalaba itakuwepo, sawa, ila njia yenyewe haitapanda kati ya migomba na kahawa huku bibi aliyeketi nje ya geti lake akiungana na msafara katikati ya kituo. Uliza parokiani mapema kama mwaka huo wataigiza au watasali tu, maana si kila mwaka.

Hakuna kiingilio, ila kuna sadaka. Na hii ni ibada: simu mfukoni, kofia kichwani vua, usikimbie mbele ya msafara kutafuta pembe nzuri ya picha.

Igizo la mkesha wa Krismasi ni la watoto, katika makanisa ya Kikatoliki na ya Kilutheri (KKKT) vilevile. Malaika watalala, mchungaji mmoja atamtafuta mama yake kwa macho mpaka ampate. Desemba Wachagga wamerudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, kwa hiyo usipofika mapema utalitazama kupitia dirishani. Na kama unahama Desemba, tiketi ya basi ikate kabla hujafikiria onyesho lolote, kwa sababu baada ya sikukuu kila mtu anaondoka siku moja.

3. Mahafali

Tunayadharau kwa sababu tumeyazoea. Mahafali ya darasa la saba na ya kidato cha nne, ambayo mengi huangukia kati ya Agosti na Oktoba, yana kwaya, ngoma, igizo na ngonjera ndani ya mchana mmoja, na kadi ya mwaliko haina shida kama una mtoto wa ndugu anayemaliza.

Ngonjera ndiyo inayofanya niyaweke nafasi ya tatu. Sanaa hii ya kujibizana kwa beti, inayohusishwa zaidi na Mathias Mnyampala, ilishika kasi baada ya Azimio la Arusha la 1967, ikitumika kuwafundisha watu Ujamaa. Azimio lenyewe lilipitishwa hapahapa, na jengo la Kaloleni lililohusika leo ni makumbusho. Siku hizi ngonjera inaomba bweni na maji ya bomba, lakini mtindo ni uleule: mmoja anauliza akiwa amenyoosha kidole, mwenzake anajibu akitikisa kichwa, na mgeni rasmi anajikuta amebanwa mbele ya wazazi. Ni mchezo wa kuigiza wenye mtu mmoja asiyejua kama yumo. Ahadi ya bati huwa inatolewa papo hapo.

Tarehe haihami. Saa ndiyo inayohama. Kadi ikisema saa tatu asubuhi, mgeni rasmi atafika saa sita, na igizo huwekwa baada ya yeye kukaa. Kunywa chai kwanza.

4. Wanafunzi wa muziki, Makumira

Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilichoko Usa River kwenye barabara ya kwenda Moshi, kinafundisha muziki hadi shahada, na hicho si kitu utakachokikuta kila mji. Wanafunzi wakipanda jukwaani utasikia marimba, ngoma na kwaya kutoka kwa watu wanaosahihishwa kila siku. Si tamthiliya, na ndiyo sababu hakijapanda juu zaidi, lakini kwa sauti safi hakuna ukumbi wa mjini unaokipita. Piga simu chuoni uulize ratiba ya muhula. Onyesho likiisha usiku, panga usafiri wa kurudi mjini kabla hujaingia, usitegemee Hiace.

5. Shule za kimataifa

Hapa utapata taa zinazofifia kwa wakati, mandhari yaliyojengwa kwa mbao, na mchezo kwa Kiingereza. UWC East Africa, ambayo hadi 2019 ilijulikana kama International School Moshi, ina kampasi Moshi na Arusha, na IB, mfumo wa kimataifa wa masomo wanaoufuata, una somo zima la maigizo. Michezo ya shule hizi huwa kwenye kalenda tangu mwanzo wa muhula, hivyo kwa tarehe nazipa alama za juu. Utahitaji mzazi au mwalimu wa kukualika, na kitambulisho cha getini. Kama unahamia nje ya nchi, hili utalipata huko kwa wingi. Kama unahamia Singida, lipandishe hadi nafasi ya tatu.

6. Usiku wa vichekesho wenye mabango makubwa

Hapa ndipo wengi humwaga hela zao, na mimi ndipo ninaposhika mkoba. Ukumbi wa Simba pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, ni mzuri, hilo halina ubishi. Ni ndani ya majengo yaleyale ambamo Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hadi 2015. Wachekeshaji nao wanajua kazi. Ila mchekeshaji wa jina kubwa anatoka Dar, vichekesho vyake vya Arusha ni vile vya "chalii wangu" na lafudhi yetu, na wiki ijayo vipande vyake viko YouTube. Atakufuata popote. Halafu huyu ndiye anayeahirishwa.

Ukiamua kwenda, lipa siku yenyewe mlangoni hata kama ni ghali kidogo. Tiketi ya mapema ni nafuu kwa mtu atakayekuwepo tarehe mpya ikitangazwa. Kama lazima ulipe kwa simu, lipa kwenye lipa namba yenye jina la mwandaaji au ukumbi, si namba ya mtu binafsi iliyoandikwa chini ya bango. Meza ya VIP achana nayo. Mara nyingi iko ubavuni mwa spika na utakuwa unasoma midomo. Tamasha la uwanjani nalo ni hivyohivyo: Sheikh Amri Abeid pamepewa jina la mshairi, lakini kutoka majukwaani hutasikia neno moja likatoka zima.

7. Ngoma za hotelini

Vijana wa Kimaasai wanaruka, watalii wanapiga makofi, chakula kinapoa. Umeshaona hayo kwenye harusi ya jirani, na pale hakuna aliyetazama saa. Mpeleke shemeji aliyekuja kukusaidia kufunga mizigo.

Ukiwa na siku za ziada

Tamasha la sanaa la Bagamoyo, linaloandaliwa na TaSUBa, chuo cha sanaa cha hukohuko, na kufanyika tangu 1982, lingekuwa la kwanza kabisa kama lingekuwa jirani. Kwa kawaida huwa miezi ya mwisho ya mwaka. Anayehamia Dar au Pwani aliache. Ataliona akiwa mwenyeji. Anayehamia Mwanza au Kigoma ajipange sasa: panda basi la Dar, shuka Msata, kutoka hapo ni lami hadi Bagamoyo.

Nairobi iko karibu kuliko Bagamoyo. Ukumbi wa taifa wa maigizo wa Kenya ulifunguliwa 1952, na Nairobi kuna utamaduni wa kwenda kwenye mchezo wikendi kama sisi tunavyokwenda kwenye mechi. Kupitia Namanga ni safari ya nusu siku. Lakini kitambulisho cha NIDA peke yake hakitakuvusha. Unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji, na kadi ya homa ya manjano uwe nayo. Kama pasipoti yako iko ubalozini ikisubiri viza, Nairobi ifute kwenye orodha, rudi namba moja, na umtafute yule mwalimu wa Kiswahili leo, maana kikundi kikishapita shule hiyo huwa hakirudi mwaka huohuo.