Stendi ya kunyanyulia gurudumu la nyuma: uzoefu wangu kwenye Honda XR150L

Mwenye Boxer au TVS HLX anaweza kuishia hapa hapa. Pikipiki hizo zinakuja na stendi kubwa ya kati: unaikanyaga, unavuta keria, gurudumu la nyuma linabaki juu na kazi inaanza. Sisi wa XR150L tumepewa stendi ya pembeni peke yake. Sina ugomvi na pikipiki yenyewe. Ina kilo kama 130, imeinuka, inapita makorongo ambayo nyingine zinakwama. Tabu inakuja pale cheni inapodai kusafishwa na kukazwa, na huku Njombe kuanzia Desemba hadi Aprili inadai kila mara, kwa sababu udongo mwekundu ukishaingia kwenye cheni unakula chuma kama msasa.

Njia za mtaani nazijua zote. Kuna ya watu wawili: mmoja anailaza pikipiki kwenye stendi ya pembeni mpaka gurudumu linyanyuke, mwenzake anazungusha na kupaka oili huku akiomba rafiki asichoke. Kuna ya gongo la mti lililochongwa panda, linaloegemezwa upande wa kulia. Iliyozoeleka kuliko zote ni kreti ya soda chini ya injini. Kreti inanyanyua, sikatai, ila inadanganya kwenye kipimo cha cheni, na hilo ndilo lililonifanya nitoe hela.

Kreti ikikaa chini ya injini, uzito wote unabebwa na fremu. Shokapu inajinyoosha mpaka mwisho, gurudumu linaning'inia, na cheni inaonekana imelegea kuliko ilivyo. Unaikaza mpaka unaridhika. Ukishusha pikipiki, ukapanda na kufunga mzigo nyuma, shokapu inabonyea, ekseli (chuma kinachopita katikati ya gurudumu) inasogea mbali na sproketi ndogo, ile gia ya meno iliyo kwenye injini, na cheni uliyoiacha "sawa" inakakamaa. Kwenye pikipiki yenye shokapu ya kucheza sana kama hizi za porini, tofauti hiyo si ndogo. Cheni iliyokaza kupita kiasi inakula meno ya sproketi na kuumiza beringi ya shafti inayotoka kwenye gia boksi, na kuibadilisha beringi hiyo si kazi ya chini ya mwembe.

Stendi niliyonunua ni ile ya wenye pikipiki za mbio. Ni bomba jeusi lililokunjwa umbo la U, lenye magurudumu mawili madogo ya nailoni, mpini mrefu nyuma, na vishikio viwili vya umbo la L vilivyovalishwa raba. Vishikio vinakaa chini ya ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu la nyuma, kwa hiyo uzito wa pikipiki unaendelea kuilalia shokapu karibu kama ilivyokuwa chini. Niliagiza Kariakoo, ikaja kwa basi. Laki na tisini, nauli ya mzigo kando. Si bei ya kutaja mbele ya mama watoto.

Hofu yangu ilikuwa kimo, maana stendi hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya pikipiki za matope. Kabla ya kulipa nikapiga hesabu. Tairi la nyuma la XR150L ni 110/90-17. Nusu ya rimu ya inchi 17 ni milimita 216, ongeza ubavu wa tairi milimita 99 (asilimia 90 ya upana wa 110), unapata kimo cha ekseli, 315. Pikipiki nyingi za mbio zinavaa 180/55-17, na ubavu wake ni 99 vilevile. Ekseli zinalingana kimo kabisa! Mwenye pikipiki ya rimu 18 nyuma apige hesabu yake mwenyewe, ekseli yake itakuwa juu zaidi kidogo.

Upana ndio uliosumbua. Vishikio vinasogezwa na kubanwa kwa boliti, lakini mkono wa XR ni mwembamba, nikalazimika kuvisogeza ndani karibu mpaka mwisho. Boliti zilikuja bila washa za springi. Baada ya muda zikaanza kulegea, nikaweka washa zangu, zikatulia.

Kuipandisha pikipiki ukiwa peke yako kunataka utaratibu. Naisimamisha kwenye sakafu ya saruji, tairi la mbele likigusa ukuta, na breki ya mbele naifunga kwa mpira wa kufungia mzigo. Gia iwe nyutro. Nasimama kushoto, mkono mmoja umeshika keria, naisimamisha pikipiki wima, na kwa mkono wa pili naisukuma stendi mpaka vishikio vyote viwili viguse chini ya mkono wa nyuma. Hapo usikimbilie kukandamiza mpini. Inama uangalie upande wa kulia, ndio usiouona ukiwa umesimama. Kishikio kimoja kikikaa vibaya, pikipiki inapanda upande mmoja kisha inateleza. Ukihakikisha, kandamiza mpini taratibu mpaka ulale sakafuni. Wanaoanza wawe na mtu wa kushika usukani.

Kwenye udongo haifai. Vile vigurudumu vinazama na stendi inageuka. Tandika ubao mpana au hamia penye saruji.

Raha yake unaiona gurudumu likishakuwa hewani. Cheni haichakai sawasawa. Ina sehemu iliyovutika na sehemu ambayo bado imekaza, na ukipima mahali pamoja tu hujui umepima ipi. Sasa nazungusha gurudumu robo kwa robo, kila mara nainua upande wa chini wa cheni kwa kidole katikati ya sproketi mbili na kuangalia inacheza kiasi gani. Mahali ilipokaza zaidi ndipo napimia, na namba nafuata ya kitabu cha pikipiki, pamoja na maelekezo yake pikipiki iwe imekaaje wakati wa kupima. Nikiwa hapo hapo navuta pingili moja kuelekea nyuma kwenye sproketi kubwa. Ikiachana na jino kiasi cha kuonekana nusu ya jino, cheni imekwisha, na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja nayo.

Kuosha natumia mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Petroli hapana, hasa kwa cheni zenye o-ringi, inaharibu vile vipira. Brashi ya waya nayo ikae mbali. Nafuta kwa kitambaa, naacha ikauke, kisha oili namba 90 kidogo kidogo kwa upande wa ndani wa cheni ya chini huku nazungusha gurudumu kwa mkono. Cheni ikikimbia, oili inasukumwa nje, kwa hiyo ukianzia ndani inapita kwenye pini na rola kabla ya kupotea. Nyuma ya cheni naweka kipande cha boksi kuzuia oili isifike kwenye tairi. Vijana wengi wanapaka oili chafu ya injini. Ni bure, ndiyo, ila imebeba masizi na vumbi la chuma, halafu unaipaka kwenye kitu ulichotoka kukiosha.

Jambo moja silifanyii mzaha. Injini iwe imezimwa. Nimeona watu wakiwasha, wanaweka gia ya kwanza, wanashika kitambaa kwenye cheni ili "ijifute yenyewe". Kitambaa kikinaswa na sproketi, vidole vinafuata kabla hujajua.

Baada ya kusogeza gurudumu nyuma, kumbuka XR ina breki ya dramu, na fito lake, kile chuma kirefu kinachounganisha pedali na breki, linabadilika mvuto. Pedali inaweza kuwa juu na breki ikawa inagusa muda wote. Gurudumu likiwa bado hewani, lizungushe usikilize, kisha rekebisha nati ya fito mpaka lizunguke huru. Kwenye kreti kazi hii nilikuwa naifanya kwa kubahatisha.

Ubora wa stendi yenyewe ni wa wastani. Bomba ni imara, rangi imeshaanza kubanduka kwenye maungio, na raba za vishikio zinateleza zikiguswa na oili. Nimezizungushia vipande vya tyubu ya zamani. Mwenzangu wa kazini aliichukua kama sampuli akampelekea fundi wa kuchomelea hapa mjini. Ya kwanza ilipinda kwa sababu bomba lilikuwa jembamba. Ya pili, ya bomba nene na vishikio visivyosogea vilivyopimwa kwenye pikipiki yake, imegharimu chini ya nusu ya bei yangu na inanyanyua vizuri tu. Kwa mwenye pikipiki moja asiye na mpango wa kuibadilisha, ningemwelekeza huko, mradi asimame na fundi mpaka bomba linakatwa.

Ukiamua kununua ya dukani, nenda na pikipiki. Pima kama vishikio vinasogea ndani vya kutosha, kama eksozi haikai njiani, na kama nati ya ekseli inafikika stendi ikiwa imeshapanda.