Taa ya chujio la mwani: usiulize wati, uliza waya unaingilia wapi

Flodi, yaani taa ya LED ya kumulika eneo, ya kwanza niliyofunga kwenye chujio la tangi langu la samaki ilidumu siku 19. Niliinunua Makoroboi, Mwanza, kwa Sh 35,000, muuzaji akiniapia: "Mayu, hii hata ukiitumbukiza ziwani inawaka." Sikuitumbukiza ziwani. Niliiegesha sentimita 12 kutoka kwenye wavu, na siku ya 19 nikakuta vitone vimejipanga nyuma ya kioo kama jasho la usoni, na nusu ya vijitaa vimebabuka.

Kwa asiyejua chujio lenyewe: pampu inapandisha maji ya tangi, yanateremka juu ya wavu wa plastiki uliokwaruzwa kwa msumeno, na taa kali inaumulika. Mwani unaota pale badala ya kuota kwenye vioo. Unakula naitreti na fosfeti zinazotokana na chakula na kinyesi cha samaki, nawe kila baada ya siku 7 hadi 10 unaukwangua na kuutoa. Wazo hili ni la Walter Adey wa Smithsonian, Marekani, aliyelipatia hataza mwaka 1982. Ziwa letu la Victoria nalo limekuwa kijani kwa virutubisho hivyo hivyo, ila lenyewe halina wa kulikwangua.

Wati nazipita haraka. Kwa wavu wa ukubwa wa daftari dogo, wati 10 hadi 20 za LED zinatosha, saa 18 kwa siku. Ukiona katikati ya wavu peupe na mwani umekimbilia pembeni, taa ni kali mno, isogeze nyuma. Na saa ya swichi ile ya kuzungusha kwa mkono inasimama umeme ukikatika, kwa hiyo kila TANESCO wakizima, irekebishe.

Sasa waya. Flodi yangu niliifungua mezani jikoni kwa bisibisi. Mpira wa kuzunguka kioo ulikuwa mzima kabisa. Maji yaliingilia nyuma, kwenye ile nati ya plastiki inayobana waya: tundu lilikuwa pana, waya mwembamba, na katikati yake pengo ambalo kijiti cha kiberiti kilipita bila kusukumwa. Maji ya wavu yanarusha vitone vidogo usiku na mchana, vinatua kwenye waya, vinateleza nao taratibu mpaka ndani. Boksi liliandikwa IP65, kipimo cha kuzuia vumbi na maji. Ile 6 maana yake vumbi haliingii, 5 maana yake maji ya kurushwa kwa bomba hayaingii, kutoka upande wowote. Hata ingekuwa kweli, namba hiyo ni ya mwili wa taa tu. Flodi nyingi huja na mkia mfupi wa waya, na kiungo unachofunga mwenyewe kwa tepu hakina IP yoyote.

Kwa hiyo dukani shika waya, uvute, uuzungushe. Ukicheza, rudisha. Nyumbani, kiungo kikae mbali na chujio, na waya uning'inie chini ya tundu la taa kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni. Soketi nayo iwe na kikata umeme cha kuzuia mvujo. Mkono wako utakuwa majini kila wiki, na hapo juu kuna volti 230.

Taa ya kununua, ya kwanza kwangu, na sifichi upendeleo: flodi ya Philips ya mwanga wa njano, 3000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga). Njano ina nyekundu nyingi kuliko ile nyeupe ya 6500K, na mwani unaifurahia. Niliyonayo sasa nati yake imeushika waya kama kupe. Bei iliniuma, lakini nimeilipa mara moja.

Ya pili, taa za kuoteshea mimea zenye nyekundu ya nanomita 660 (urefu wa wimbi la mwanga). Kwa mwanga tu zingekuwa za kwanza, maana klorofili inafyonza vizuri sana karibu na hapo. Tatizo ni kuzipata. Duka moja la mjini liliniuzia "taa ya mimea" ambayo ni balbu nyekundu ya baa, nyekundu ya 620 na kitu, inayofaa kumulikia kreti za bia. Niliporudi nilioneshwa mhuri kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mhuri huo wanao, wino wake haukauki, ila kijana anayejua tofauti ya 620 na 660 hawana. Nikauliza kama wanaweza kuagiza. "Dada, taa ni taa."

Ya tatu, balbu ya kawaida ya njano kwenye holda. Zamani watu walitumia zile za mrija uliojisokota (CFL) za wati 23 na mwani uliota vizuri. Holda inashika kutu, basi iweke nyuma ya kipande cha pleksiglasi.

Taa za utepe: gundi inaachia kwa unyevu, utepe unaangukia majini.

Furu wangu wanne, samaki wadogo wa ziwani, wako salama, na vioo vya tangi sijavifuta tangu mwezi uliopita. Ile flodi iliyokufa nimeiacha dirishani. Maji yaliyobaki nyuma ya kioo chake yameanza kuota kijani.