Vitabu vya Picha kwa Watoto: Kipi Kinunuliwe Kwanza Ukiwa Kigoma

Mzazi anayeingia dukani kumnunulia mtoto kitabu cha picha kwa kawaida hutazama jalada, kisha bei. Mimi humshauri afungue kwanza ukurasa wenye jiko. Jiko ndilo husema nyumba ile ni ya nani: kama chakula kinaivia kwenye mafiga, kwenye jiko la mkaa au la gesi, kama kinaliwa mkekani au mezani, na kama anayekoroga sufuria ni mama, bibi, au baba ambaye mkewe bado hajarudi sokoni. Mchoraji asiyejali jiko aghalabu hawajali pia watu walio ndani ya nyumba.

Nafasi ya kwanza navipa vitabu vilivyotungwa kwa Kiswahili na kuchapishwa hapa nchini. Mradi wa Vitabu vya Watoto, unaosaidia vitabu vya Kiswahili vya watoto kuchapishwa, ulianza mwaka 1991, mwaka ule ule ilipoanzishwa kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota, na baadaye wachapishaji wengine kama E&D Vision wameongeza vitabu vyao. Kiswahili chake hakikutafsiriwa, kwa hiyo mtoto anaposomewa hasikii sentensi inayochechemea. Ndani utamkuta bibi anayelea wajukuu, ndugu wanaolala kitanda kimoja, na nyumba ya tofali za kuchoma yenye paa la bati. Upungufu nilioukuta katika nilivyovipitia ni kwamba Ziwa Tanganyika huonekana kwa nadra. Mpwa wangu, aliyekulia Katonga, alitazama picha ya ngalawa ya Pwani yenye matengo, yaani mbao za pembeni za kuizuia isipinduke, akauliza, “Mjomba, huu mtumbwi mbona una mikono?” Yeye alizoea mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, ikitoka jioni na taa kwenda kuvua dagaa. Sikukihesabu kitabu kile kuwa hasara, kwani tulizungumza juu ya bahari hadi chai ikapoa. Kitabu kizuri si lazima kifanane na nyumba ya msomaji. Kinachotakiwa ni kwamba rafu yenye vitabu vitano isiwe na nyumba ya namna moja mara tano.

Kwa mkoa wetu jambo hili lina uzito wake. Mtaa mmoja wa Ujiji unaweza kuwa na nyumba inayozungumza Kiha, jirani yake Kibembe, na ya tatu yenye watu waliovuka ziwa kutoka Kongo. Tena Kigoma imepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi. Kitabu kinachomwonyesha mtoto aliyehama na familia yake, akitafuta wa kucheza naye, kina wasomaji hapa kabla hakijafika dukani. Vivyo hivyo kuhusu mtoto mwenye ulemavu: chagua kile ambamo anacheza, anakosea na kugombana kama wenzake, uache kile ambamo kazi yake ni kuhurumiwa tu.

Nafasi ya pili ni hadithi zenye leseni huria za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, na StoryWeaver ya India, iliyofuata mwaka 2015. Zinapakuliwa bure mtandaoni, zimepangwa kwa viwango vya usomaji, na unaruhusiwa kuzichapa ilimradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Kijitabu cha kurasa 16 kinahitaji karatasi nne tu za A4, zikichapwa pande mbili, zikakunjwa katikati na kupigwa pini mgongoni. Steshenari yoyote ya Mwanga, hapa Kigoma mjini, inaweza kazi hiyo. Soma Kiswahili chake mwenyewe kabla ya kulipia rangi, maana baadhi ya tafsiri zina maneno ya shule za Kenya, na nyingine zilifanywa kwa haraka.

Vitabu vya nje vilivyotafsiriwa, au vyenye lugha mbili kwa pamoja, navipa nafasi ya tatu. Karatasi yake ni nzuri na michoro inavutia, lakini ni ghali.

Mwisho kabisa ni vitabu vya mtumba vya Kiingereza. Bei yake ni rahisi, ila vingi ni vya zamani, na vya zamani vina historia yake: mwaka 1965 Nancy Larrick, mwalimu na mwandishi Mmarekani, alichunguza vitabu vya watoto zaidi ya 5,000 vya Marekani, akakuta watu weusi wanaonekana katika asilimia 6.7 tu. Ukinunua mtumba, pekua kila ukurasa palepale ulipo.

Kuhusu uimara, niliwahi kununua kitabu kilichobandikwa kwa gundi nyepesi. Kabla ya wiki kuisha, ukurasa wa simba ulikuwa chini ya kabati. Tangu hapo hukifungua kitabu katikati na kuvuta karatasi kidogo, na kwa watoto wadogo huchagua kilichoshonwa au kilichopigwa pini mbili.

Vitabu vingi huagizwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kukirudisha kitabu kisichofaa ni gharama nyingine. Basi kabla ya kutuma fedha, mwombe muuzaji akupigie picha za kurasa tatu: wa jikoni, wa mahali wanapolala watoto, na ule ambao mzazi anaonekana kazini.